Sababu ya safari: kuona mto

Jumamosi moja mwezi wa Juni tuliondoka hapa Dzaleka watu wanne na baiskeli nne. Mbili ni za kundi letu, zile zenye kiraka juu ya kiraka, na mbili tulizikodi kwa vijana wa kabaza kwa siku nzima. Hatukubeba nyanya, hatukubeba mkaa wala gunia la mahindi. Kwenye keria tulifunga chupa za maji na pampu, basi. Tulikuwa tunaenda kuona mto Lumbadzi.

Tangu siku ile watu wametuuliza swali moja tu, wa kambini na wa ofisini: mlienda kufanya nini? Tukijibu kwamba tulienda kuona mto, wanasubiri. Wanadhani jibu lenyewe bado linakuja. Tumechoka na hilo swali na ndiyo maana tunaandika.

Kwanza safari yenyewe, maana kuna watu wamezaliwa hapa hapa na hawajawahi kufika hata nusu ya ile njia. Juni baridi ya asubuhi inauma vidole kwenye usukani. Mahindi yameshavunwa, mabua yamelala shambani, unaona mbali kuliko mwezi mwingine wowote. Ukiacha lami unashika njia za vumbi zinazopita kijiji kwa kijiji, na kimya chake si kama kimya cha usiku kambini ambapo kila mtu anamsikia jirani akikohoa. Unasikia cheni yako tu na changarawe chini ya tairi. Wazee wameketi kwenye jua wanasema muli bwanji, na wewe unajibu ndili bwino bila kusimama. Hakuna aliyetuuliza kitambulisho. Kwenye miteremko dada mmoja wa kundi letu, ambaye kambini akipanda baiskeli vijana wanampigia miluzi, aliachia breki kabisa akatupita wote. Tulimkuta chini kwenye dambo, amekaa kwenye nyasi, anatucheka.

Mto wenyewe wakati wa kiangazi si mkubwa. Mtu wa Uvira au wa Kalemie, aliyekua akiiona Tanganyika, atasema huo ni mfereji. Tulikaa kandoni saa nzima. Mmoja akaanza kueleza jinsi chukudu zinavyoteremka kutoka Kibumba kwenda Goma, mbao tupu na magurudumu mawili, zimejaa viazi na makabichi, na dereva anapiga kelele watu wapishe. Goma wamelijengea chukudu sanamu la rangi ya dhahabu katikati ya mji. Ni chombo cha kazi, kweli, lakini muulize yeyote aliyewahi kuteremka nacho kama hakucheka njiani. Kisha tukabishana kuhusu jina la tulichopanda: Mkongomani anasema kinga, Mrundi ikinga, Mnyarwanda igare, wenyeji wanasema njinga. Hatukufikia muafaka.

Wakati wa kurudi tulikosea, tunakubali. Tairi moja lilipata pancha ya pili na gundi ilikuwa imeisha, tukaamua kuingia lami tutafute fundi. Kibali hatukuwa nacho. Kwenye kizuizi askari mmoja akatuuliza tunatoka wapi.

“Kuona mto, bwana.”

“Mlikuwa mnavua?”

“Hapana.”

“Mnaoga?”

“Hapana.”

Akatutazama mmoja mmoja. “Achimwene, hakuna mtu anayeenda kuona mto.”

Hakututukana wala hakutupiga. Ila baiskeli zilibaki pale mpaka jua linazama, na zile mbili za kukodi zilikuwa ugali wa watu wengine. Tulilipa kodi ya siku mbili. Jambo lililotuuma zaidi tulilizungumza njiani tukisukuma: tungesema tunapeleka nyanya sokoni, angetuelewa. Angeweza kutukatalia, lakini angeelewa.

Msingi wa kisheria wote tunaujua. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikajiwekea masharti kwenye ibara kadhaa, ikiwemo ya 26, ile ya uhuru wa kutembea. Machi 2023 likatoka agizo kwamba wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi, na Mei polisi wakaanza kuwakamata Lilongwe. Baadhi yao sasa ni majirani zetu, wana funguo za maduka ambayo hawayaoni tena. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu 10,000 hivi, leo tumepita 50,000. Na kabla ya hapo palikuwa gereza, Kamuzu Banda aliwafungia hapa wapinzani wake. Kwa Chichewa kuleka ni kuacha, na watu husema jina Dzaleka maana yake ni kama kusema nitaacha, sitarudia. Sisi hatujui tunatakiwa tuache nini.

Sasa tuwageukie nyinyi wa mashirika, maana tunajua mnasoma hapa. Kabla ya safari ile tulipeleka ombi kwenye shirika moja: baiskeli sita, vifaa vya fundi, na msaada wa kutuombea vibali vya siku moja mara moja kwa mwezi. Dada aliyetupokea alikuwa mwema kweli, alitupa chai. Akasoma, akasema wazo ni zuri lakini kwenye fomu kuna sehemu inayouliza mradi utaongeza kipato cha kaya ngapi. Akatushauri tuandike kwamba baiskeli zitasambaza mboga. Na sisi, tusijifanye mashujaa, tuliandika. Tuliandika hadi idadi ya kaya, tukaitoa kichwani. Usiku mmoja wetu akauliza: tukipewa kwa uongo huu, siku tutakayokwenda mtoni tutakuwa tumeiba? Asubuhi tukaenda kuliondoa ombi.

Hatuwalaumu kwa kukosa pesa. Tunaona posho inavyopunguzwa. Tunachowalaumu ni kwamba fomu yenu na kizuizi cha barabarani vinaongea lugha moja. Vyote viwili vinataka mkimbizi awe na mzigo kwenye keria ndipo aaminike. Akiwa na nyanya ni mjasiriamali. Akiwa mikono mitupu ni mtoro.

Na wenyewe mnaendesha! Mwisho wa wiki Lilongwe magari yanatoka yamebeba baiskeli mgongoni, zile zenye matairi mapana na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, yanaelekea msitu wa Dzalanyama. Ni kilomita kama zile zile tulizonazo sisi kutoka hapa mpaka mjini. Huko kwenye milima ndiko unakoanza mto Lilongwe, mto uliolipa jiji jina lake muda mrefu kabla ya makao makuu kuhamishwa kutoka Zomba mwaka 1975, na maji yake yanazuiwa kwenye mabwawa ya Kamuzu ili jiji linywe. Bonde zima hilo lina historia, vijiji, misitu, njia tulivu. Sisi tunaufahamu mto huo kutoka darajani tu, kwenye dirisha la minibasi, mtu akipelekwa hospitali. Kuna mtu aliwahi kuwauliza nyinyi kipato cha kaya ngapi kimeongezeka mlipokwenda Dzalanyama? Mlikwenda kwa sababu ni Jumamosi.

Kenya, mwaka 2021, walianzisha Migration Gravel Race huko Maasai Mara, siku nne kwenye vumbi na changarawe, na wageni wanatoka Ulaya kuja kuteseka kwenye njia ambazo mama zetu wangezilalamikia. Sule Kangangi, Mkenya, alifariki mwaka 2022 akiwa kwenye mashindano ya namna hiyo Vermont, Marekani, na waendeshaji wa dunia nzima walimlilia. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 Masomah Ali Zada, mkimbizi kutoka Afghanistan, aliendesha baiskeli kwa timu ya wakimbizi, na picha zake zilisambaa kila mahali. Kwa hiyo mkimbizi juu ya baiskeli anapendeza akiwa Tokyo. Kwenye barabara ya Dowa anatakiwa aeleze.

Kuna mama wa bloku yetu ambaye alisikia habari ya baiskeli kushikwa akatuambia: “Wanangu, mnachezea baiskeli na watu hawana unga?” Huyo hatumjibu kwa ukali. Ana haki, na unga ukipatikana uende kwake kwanza kabla ya spoku hata moja. Lakini mama, unga umekuwa haba kwa sababu tumefungwa miguu, si kwa sababu tumeona mto. Aliyezoea kutotoka hata akiruhusiwa hatoki. Tuna wenzetu wa miaka 20 waliozaliwa hapa ambao ukiwaambia twende hadi kile kilima wanauliza nani kaita. Hawaulizi kwa hofu. Wanauliza kwa sababu hawajui kwamba mtu anaweza kwenda bila kuitwa. Hilo njaa peke yake haiwezi kulifanya, ni miaka ya kuandika sababu.

Na vijana wenzetu mnaosema tusubiri makazi ya nchi ya tatu, kwamba tutaendesha tukifika Kanada: sawa, nendeni salama. Wengi wetu hapa hatuna hata tarehe ya mahojiano. Miguu tuliyo nayo ni ya sasa.

Tunachotaka si kikubwa. Wanaotoa vibali waruhusu safari ya kundi ya siku moja, majina yakiwa yameandikwa, kutoka asubuhi kurudi jioni. Mashirika yatoe msaada wa kuombea vibali hivyo bila kutuomba uongo. Na wewe unayekwenda Dzalanyama Jumamosi, siku moja njoo upande huu, tutakuonyesha ule mteremko. Hutahitaji kuandika popote umekuja kufanya nini.

Ombi jipya tumelipeleka wiki iliyopita. Kwenye nafasi ya sababu ya safari tumeandika: kuona mto. Safari hii tunataka tufike mpaka pale kwenye mawe, tulikoishia mwezi wa Juni giza lilipotukimbiza. Pampu yetu imekufa. Mwenye pampu ya mguu inayofanya kazi atuletee Ijumaa jioni pale kwa fundi, tutairudisha.