Mwanamichezo Anapotuhumiwa



Hivi karibuni tulikuwa safarini Kaplong, pale barabara itokayo Kisii inapokutana na zile za Bomet na Kericho. Tunao jamaa zetu huko, watu wa asili ya Mombasa waliopanda bara zamani kwa biashara ya nguo, wakakaa. Baridi ya nchi ya majani ya chai si mchezo kwa mtu wa pwani. Tulipomaliza swala ya Alfajiri tulisimama mlangoni tumejitanda shuka nzito. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na ndani ya ukungu ule wakatokea vijana wakikimbia, wa kiume na wa kike, hawasemezani, zinasikika nyayo tu.

"Yule wa mbele ni wangu," akasema mama mwenye nyumba.

Tulipoandikiwa chai, mama yule akatufungulia moyo wake. "Sheikh, mwanangu amepata ufadhili wa kusoma chuo kikuu Marekani kwa ajili ya mbio zake. Furaha ninayo, lakini usingizi sina. Nasikia huko kijana akitajwa tu kwa ubaya na msichana, amekwisha. Nani atamsikiliza mtoto wangu?"

Wifi yake, ambaye binti yake anaingia chuo kikuu hapa hapa nchini, akaweka kikombe chini. "Na wangu mimi je? Akidhulumiwa na bingwa wa chuo, kijana anayepigiwa makofi na uwanja mzima, nani atamsikiliza?"

Hatukuwa na jawabu la haraka. Tuliahidi kulitafuta, na leo tunajaribu kuitimiza ahadi.

Njia ya kutoka milima hii kwenda viwanja vya dunia ni ya zamani. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, mjini Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Wengi wamefuata. Lakini mzazi na ajue kwamba katika vyuo vya Marekani mwanamichezo si mwanafunzi tu. Yeye ni jina la chuo, na michezo mingine, hasa mpira wa Kimarekani, huleta mapato makubwa. Hapo ndipo mtihani wa haki unapoanzia.

Tazama mambo ya Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas. Hicho ni chuo cha dini, cha Wakristo wa madhehebu ya Baptist, chenye kanuni kali za maadili. Timu yake ya mpira ilipopanda, wasichana kadhaa walilalamika kwamba wachezaji wamewaingilia kwa nguvu. Mawakili walioajiriwa na chuo kuchunguza walikuta, na chuo chenyewe kikatangaza mwezi Mei 2016, kwamba baadhi ya wakufunzi wa timu walikutana na walalamikaji au wazazi wao, kisha wasiyafikishe malalamiko panapostahili. Kocha akafukuzwa, na rais wa chuo akaondolewa katika cheo chake. Lakini wasichana wale walikuwa wamekwisha kudhulumiwa mara mbili: mara ya kwanza na mtu, mara ya pili na kimya.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Duke, vijana watatu wa timu ya lakrosi walituhumiwa na mwanamke aliyeajiriwa kucheza ngoma katika karamu yao. Kabla ya kesi kusikilizwa, watu waliandamana, msimu wa timu ukafutwa na kocha akajiuzulu. Mwendesha mashtaka, ambaye wakati huo alikuwa akiomba kura, alificha matokeo ya vipimo vya vinasaba yaliyowasaidia vijana. Mwezi Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo la North Carolina alitangaza kwamba hawana hatia, na mwendesha mashtaka akanyang'anywa haki ya uwakili. Mwaka 2024 mwanamke mwenyewe alikiri hadharani kwamba alisema uongo.

Mwenye kusikia habari hizi mbili huchagua ile inayompendeza. Mwenye mtoto wa kiume hushika ya Duke, mwenye binti hushika ya Baylor. Sisi tunaona kwamba ugonjwa ni mmoja. Mahali pamoja walificha ili jina lisichafuke, na mahali pengine walitupa watu nje haraka ili jina lisafike. Kote kuwili lililolindwa ni jina, na ukweli ukaachwa mlangoni.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni ya Wamarekani. Mwaka 1990 msichana Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Punch, kundi lililobandika ukutani maandishi ya kuwadhalilisha wasichana. Hao hawakuwa wanamichezo. Lakini kundi lile lilikuwa limezoeleka chuoni, na mazoea ndiyo kinga ya dhalimu popote alipo.

Nasi wenyewe, wasomaji wetu, hatuna pa kujificha. Miaka mingi iliyopita tulikuwa katika kamati ya madrasa moja iliyokuwa na timu nzuri ya vijana. Mama mmoja akatujia na bintiye, akalalamika kwamba mfungaji wetu wa mabao alimvizia binti huyo njiani na kumshika kwa nguvu. Tulimwambia nini? Tulimwambia tusitiriane, na kwamba tutalizungumza baada ya mashindano. Mashindano yakaisha, kombe tukalitwaa, na hatukulizungumza. Binti akaacha masomo. Kijana naye hatukumwita kumuuliza hata siku moja. Ikiwa alitenda, tulimfundisha kwamba bao hununua msamaha. Ikiwa hakutenda, tulimwachia doa ambalo hakupewa nafasi ya kulifuta. Tumewadhulumu wote wawili, na Mwenyezi Mungu atusamehe.

Laiti tungalikumbuka tuliyokuwa tukiyasomesha. Mwanamke wa ukoo mtukufu wa Bani Makhzum alipoiba, Usama bin Zayd alitumwa kumwombea. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikasirika. Akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge, na akaapa kwamba angekuwa ni bintiye Fatima asingemwachia. Bingwa wa mbio ni Makhzum wa zama zetu, na kocha, mwalimu au sheikh anayemwombea asiulizwe yuko mahali pa Usama.

Imepokewa pia, katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mwanamke mmoja alitoka kwenda kuswali, akaingiliwa kwa nguvu njiani. Alipopiga kelele, watu walimkamata mtu mwingine aliyekuwa akipita, wakamleta mbele ya Mtume. Hukumu ilipokaribia kutolewa, mtendaji halisi akasimama na kukiri. Mwanamke aliambiwa aende zake bila lawama, na yule aliyekamatwa kimakosa akaambiwa maneno mema. Katika kisa hiki kimoja wamo watoto wa wale mama wawili wa Kaplong: aliyedhulumiwa asilaumiwe, na asiyetenda asiadhibiwe.

Kwa hiyo, methali zetu mbili tuzitumie kwa tahadhari. "Lisemwalo lipo" si ushahidi; Surat al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu bila kujua. Na anayesema tusitiriane akumbuke kwamba mficha uchi hazai. Sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Haikuwekwa kumfunika dhalimu na kumziba mdomo aliyedhulumiwa.

Basi mzazi afanye nini? Kabla ya kumpeleka mtoto, wa kiume au wa kike, akiulize chuo maswali haya. Mlalamikaji anapeleka wapi malalamiko yake, na je, anayeyapokea ni mtu asiyefaidika na ushindi wa timu? Mtuhumiwa anaelezwa tuhuma kwa maandishi, na kupewa muda na nafasi ya kujibu? Nani anaamua, na rufaa inakwenda wapi? Marekani ipo sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Kanuni zake juu ya tuhuma hizi zimebadilishwa mara kadhaa, kwa hiyo mzazi aulize zinazotumika mwaka huo. Hapa Kenya, kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa anayeathiriwa na uamuzi wa utawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ni ya mwaka 2006. Hapo awali ilikuwa na kipengele cha kumwadhibu aliyetoa tuhuma za uongo kwa adhabu ile ile ya kosa alilodai, na wengi walikiona kuwa kinawatisha wenye haki. Kilifutwa mwaka 2012.

Binti akipatwa na msiba, asioge wala asifue nguo. Apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kisha polisi. Namba 1195 hupigwa bila malipo. Kosa la jinai halimalizwi na kamati ya chuo, wala na kikao cha wazee. Na kijana akituhumiwa, asikimbie, asimtishe mlalamikaji, asimtumie watu wa kumbembeleza. Atafute wakili, na wazazi wasimtetee kwa kumtukana binti wa watu.

Vijana wetu wa kiume tuwaambie na hili: wale wa Duke hawakuwa na hatia ya kosa waliloshitakiwa, lakini karamu ile haikuwa mahali pa heri. Kujiepusha na ulevi na faragha isiyo halali ni sitara ya kweli.

Jawabu letu kwa mama wawili wa Kaplong, basi, ni hili. Hamko pande mbili. Mlango utakaofunguliwa kumsikiliza binti ndio huo huo atakaopitia kijana kujitetea. Ukifungwa kwa mmoja, umefungwa kwa wote. Udaini mlango huo kwa pamoja. Nasi, kombe lile lingalipo kabatini pale madrasani, na kila tunapoliona tunamkumbuka mama aliyeondoka na bintiye bila jawabu. Akiwa yu hai na yasome haya, tunamwomba radhi.

Wabillahi tawfiq.