Mtoto wenu anaongea lugha gani?

Jamani, tuambiane ukweli. Baba Mpare, mama Mhaya, nyumbani Kiswahili, shuleni Kiingereza. Likizo mkienda kijijini, bibi akipiga stori na majirani zake kwa lugha yao, mtoto anabaki kukodoa macho tu.

Wamaori wa New Zealand waliiona hatari hiyo. Mwaka 1982 walianzisha chekechea za Kōhanga Reo, yaani kiota cha lugha, ambako wazee waliongea na watoto Kimaori tu. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi.

Kiota chenu ni sebuleni hapo hapo. Wewe ongea naye Kipare, mwenzio Kihaya. Kiswahili atakipata tu mtaani. Lizungumzeni leo usiku, bibi angali yupo.