Filamu Ni ya Nani: Mnunuzi au Kampuni?

Wako watu wanaowacheka wakusanyaji wa diski za katuni za Kijapani. Huwaona kuwa watu wazima walionaswa na mambo ya watoto, wanaojaza makasha ya plastiki nyumbani ilhali filamu zizo hizo zapatikana mtandaoni kwa ada ya kila mwezi. Yaliyotukia mwaka wa 2024 yanatulazimu kukipima upya kicheko hicho.

Tarehe 2 Aprili mwaka huo, Funimation, kampuni ya Marekani iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa katuni hizo kwa wasemao Kiingereza, iliifunga huduma yake ya mtandaoni. Mmiliki wake, Sony, alikuwa ameinunua kampuni ya Crunchyroll mwaka wa 2021 na kuamua kuziunganisha hizo mbili. Waliokuwa wakilipa ada walihamishiwa huko. Lakini palikuwa na kundi jingine: watu walionunua diski na kukuta ndani ya kasha nambari ya siri ya kuwawezesha kuitazama filamu hiyo mtandaoni pia. Waliambiwa kwamba nakala hizo zingekuwa zao milele, ingawa kwa masharti fulani. Nakala hizo hazikuhamishwa, na milele ikaishia hapo. Aliyeitunza diski yake aliendelea kutazama. Aliyeitegemea nambari pekee alibaki mikono mitupu.

Yamkini msomaji atasema kwamba hiyo ni hasara ya fedha kidogo tu. La hasha! Liko jambo zito zaidi, nalo ni usalama wa kazi yenyewe ya sanaa. Netflix ilipoanza kuionyesha Neon Genesis Evangelion mwezi wa Juni 2019, watazamaji wa nchi nyingi nje ya Japani waligundua kwamba wimbo wa Kiingereza uliokuwa ukifunga kila sehemu umeondolewa, na tafsiri ya mazungumzo ni mpya. Waliotaka kuisikia kama walivyoijua zamani iliwabidi wazitafute diski za kampuni ya ADV, ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka wa 2009. Mwalimu wa fasihi na ajiulize angesema nini iwapo mchapishaji angeweza kuingia usiku katika kila maktaba na kuyabadilisha maneno ya mhusika katika riwaya, pasipo kuacha nakala moja ya kulinganishia.

Wala si mara ya kwanza. Nausicaä, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka wa 1984, ilipelekwa Marekani mwaka uliofuata ikiwa imebadilishwa jina na kukatwa zaidi ya dakika 20. Ilipofika mwaka wa 2005 ndipo iliuzwa huko kwa DVD ikiwa kamili.

Hata hivyo, diski nayo si malaika. Watengenezaji wa DVD waliigawa dunia kwa maeneo: Marekani ni la 1, Japani la 2, nasi wa Kenya tukatiwa katika la 5. Kwa hiyo Mkenya anayeagiza diski yake kutoka Tokyo kwa gharama kubwa huenda akaambiwa na mashine yake kwamba hairuhusiwi kuisoma. Hiyo nayo ni kampuni kuushika mkono wa mnunuzi, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha kuna uchakavu. Diski kubwa za leza, zenye upana wa sentimita 30, ambazo Wajapani walizipenda sana katika miaka ya 1980 na 1990, baadhi yake zimeoza: hewa imepenya mahali zilipogundishwa na kuiharibu alumini iliyomo. Nayo Pioneer iliacha kuunda mashine za kuzichezea mwaka wa 2009. (Wale wanaonunua diski na kuziacha zimefungwa vivyo hivyo ili bei ipande, sina la kuwatetea, hao ni wachuuzi.)

Maduka nayo yanapungua. Best Buy, kampuni kubwa ya Marekani, iliacha kuuza diski za filamu mwaka wa 2024. Basi mkusanyaji anayeanza leo, kabla ya kununua filamu ya pili, na atafute mashine ya pili, iliyo nzima na inayokubali diski za maeneo yote, aiweke akiba pamoja na makasha yake.