Bia ya kiwanda inasafiri, kasiksi inabaki kijijini: hubloni iko na kazi gani ndani yake?

Mwezi wa 6 mwaka 2025, kampuni Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati ule, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa shughuli zake Bukavu na Goma, na ikaondoa wafanyakazi waliokuwa wamebaki. Kwa wakaaji wengi wa Kivu, habari ile ilileta swali moja rahisi: kama bia ya chupa inakosekana ao inapanda bei, si tuko na kasiksi? Ndizi ziko, mutama uko, na wamama wenye kujua kazi wako.

Shida ni kwamba kasiksi haisafiri. Inanywewa karibu na pale ilipotengenezwa, ndani ya siku chache. Kiisha inakuwa kali na mwishoni inageuka siki, ile tunaita vinegri. Mama ambaye hakuuza leo, kesho anapunguza bei, kesho kutwa anamwaga. Lakini chupa ya bia inaweza kutoka mbali sana na kukaa miezi ndani ya depo. Sababu ziko nyingi: kiwanda kinafunga chupa vizuri na kuipitisha kwenye joto. Lakini sababu ya zamani zaidi ni ua moja linaloitwa kwa Kifaransa houblon, hapa tutasema hubloni.

Ni mmea gani huo?

Hubloni ni mmea wa kupanda juu ya kamba na miti. Maua ya mmea jike ndiyo yanatumika. Mashamba makubwa yako Ujerumani, upande wa Hallertau, na Marekani, upande wa Yakima. Kule, wakati wa joto, mchana unafika saa 15 na zaidi, na mmea unahitaji mwanga huo ili utoe maua mengi. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo anayefikiri baridi ya Masisi itatosha, ajue kwamba kinachokosekana ni urefu wa mchana. Afrika Kusini wanalima hubloni karibu na mji wa George, lakini wako mbali na ikweta, na walihitaji kutafuta mbegu za kufaa kwao.

Ua hilo linafanya kazi mbili. Linaleta uchungu unaopunguza utamu wa nafaka, na linazuia aina fulani ya vijidudu vinavyochachisha bia mpaka inaharibika. Kazi ya pili ndiyo ilibadilisha biashara. Zamani, pombe ya Ulaya ilikuwa kama kasiksi yetu: ya nyumbani, ya kunywa haraka. Bia ya hubloni ilipoanza kudumu, miji ya bandari kama Bremen na Hamburg ikaipakia ndani ya meli na kuiuza mbali. Mwaka 1516, Bavaria iliweka sheria: bia itengenezwe kwa shayiri, hubloni na maji tu.

Na nani alipoteza? Uingereza, wanawake ndio walikuwa wanapika pombe nyumbani. Bia ya hubloni ilipoenea kule, kuanzia karne ya 15, kazi ilihitaji vyombo vikubwa, kuni nyingi na mtaji. Polepole ikaingia mikononi mwa wanaume wenye pesa. Wamama wa kasiksi wanaweza kujisikia ndani ya historia hiyo.

Je, tuitie ndani ya kasiksi?

Kutupa maua haya ndani ya maji ya ndizi yasiyopikwa hakusaidii sana. Uchungu unatoka vizuri kama umechemsha kwa saa 1 hivi. Kumbe maji ya ndizi hatuyachemshi: tunakamua, tunatia unga wa mutama uliokaangwa, tunaacha. Anayetaka kujaribu atachemsha hubloni katika maji kidogo, achuje, aache ipoe, ndipo achanganye. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 mpaka 2 kwa litri, maana yake gramu 20 mpaka 40 kwa bidoni ya litri 20. Kuchemsha kwa muda mrefu kunaondoa harufu nzuri, ndiyo maana wapikaji wengi wanaongeza maua mengine mwishoni. Na bia yenye hubloni ikiwekwa juani katika chupa nyeupe, inanuka vibaya. Ndiyo sababu moja chupa nyingi za bia ni za kahawia.

Lakini tusidanganyane: hubloni haizuii vijidudu vya siki, na haisafishi maji machafu. Inatoka ng'ambo, inanunuliwa kwa dola.

Kuna Waafrika walio na uchungu wao. Ethiopia wanatia mmea unaoitwa gesho ndani ya teji na tela. Nigeria, watafiti walijaribu jani tunaloita mubirizi mahali pa hubloni. Ila uchungu peke yake si ulinzi. Usichume jani la dawa na kulitia ndani ya pombe ya kuuza bila kipimo.

Kwa mama mwenye bidoni tatu, faida ya karibu iko kwingine. Maji ya kuongeza yachemshwe. Bidoni na chujio vipitishwe maji ya moto kila mara. Vijidudu vya siki vinahitaji hewa, basi chombo kijae, kifunikwe. Lakini kisikazwe wakati pombe bado inatoa povu, kitapasuka. Hapo pombe itaharibika polepole zaidi, bila kununua kitu.

Kinachobaki hakiko mikononi mwake. Pombe yenye kudumu inahitaji njia ya kuifikisha sokoni. Kama barabara imekatika na kila barrière inataka pesa, hata bia iliyojaa hubloni haitamletea mama yule faida.