UCHUNGU HAUNGOJI BARABARA

Tarehe 3 Disemba 2023 mlima Hanang uliporomosha tope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwa kimojawapo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nchi nzima ililia, na misaada ikamiminika, na hayo yalikuwa ya haki. Lakini iko hatari nyingine isiyopigiwa mbiu, nayo haingoji mlima uporomoke: ni ile ya mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa masika, hali mkunga yu mbali.

Huenda msomaji akatuuliza: Gendabi yatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ilhali afya si jambo la Muungano, na Unguja na Pemba zina wizara yao? Jawabu letu ni fupi. Mama wa Kojani au Tumbatu angojaye mashua, na mama wa Gendabi angojaye gari, wamo katika shida moja. Damu imtokayo mzazi haiulizi iwapo njia ni ya bahari au ya bara.

Haki na isemwe hata na mpinzani. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hiyo ni hatua kubwa, wala hatuoni haya kuisifu. Lakini hesabu ya nchi nzima haimwambii mume wa Gendabi atapata wapi chombo cha kumchukulia mkewe saa nane ya usiku.

Wajuzi wa uzazi wamekwisha kutufundisha kuwa mama huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kutibiwa akishafika. La kwanza lataka mtu wa papo hapo kijijini, aijuaye lugha ya mama, awe Mbarabaig au Mwiraqw. Amweleze mapema dalili za kifafa cha mimba, ampe habari za uzazi wa mpango, na azungumze na mume na mavyaa kwa adabu. La pili lataka chombo. Mpango wa m-mama, upigiwao simu 115 bila malipo, umeonyesha kuwa jambo hilo lawezekana. La tatu lataka zahanati yenye mkunga aliyesomea, dawa ya kuzuia damu, na taa inayowaka.

Mnamo Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwatayarisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa muda wa miaka mitano. Ahadi ni deni. Twataka wahudumu hao walipwe kila mwezi, kwani mwenye njaa hawezi kuzunguka vitongoji kwa shukrani tupu. Twataka pia wanawake wakae katika kamati za zahanati na wasikilizwe, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Nanyi wanachama, msiliache jambo hili kwa serikali peke yake. Kila tawi na lijue ni mama gani yu karibu kujifungua, na ni chombo gani kitamchukua. Uchungu haungoji mkutano, wala haungoji uchaguzi.