Mchagua bunduki si msasi

UPEPO WA BOFA
Na Kadzo Mwaringa

Hapa Bofa, Kilifi, wangalipo wazee waliofuata nyayo, kubeba mizigo na kuchuna ngozi katika misafara ya uwindaji kabla serikali haijaupiga marufuku mwezi Mei 1977. Jioni, mazungumzo yakigeukia bunduki, ubishi ni uleule. Huyu anaapa kwa risasi ya .375 (upana wake kwa inchi), yule anashikilia kwamba bila .458 nyati humwangushi. Mdomo wa mtutu ukiwa mpana zaidi, ndivyo msasi anavyohesabiwa kuwa hodari zaidi. Risasi ya milimita 9.3 ya Mjerumani ni nadra kutajwa, na nadhani yenyewe ina la kutufunza zaidi kuliko hizo kubwa zenye sifa.

Risasi hiyo iliundwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin. Ganda lake lina urefu wa milimita 62, na kwa hiyo mafundi huiita 9.3x62. Aliowalenga ni walowezi na wakulima wa Kijerumani waliokuwa Afrika, wakiwemo wa Tanganyika. Hawa hawakuwa na fedha za kununua bunduki za mitutu miwili za mabwana wa Kiingereza. Walitaka bunduki moja ya bei nafuu ya kupatia kitoweo cha swala na kumfukuzia simba zizini, na itakayowaokoa nyati akigeuka. Bock akapima risasi yake iingie katika bunduki ya kawaida ya Mauser.

Kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 18.5 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 720 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo haimshtui mtu. Ila kichwa kizito na kirefu kikienda kwa mwendo wa wastani hakipasuki ovyo wala hakipindi njia. Kinazama moja kwa moja hadi penye uhai. Na kwa kuwa mgandamizo ndani ya ganda si mkali, ganda halikwami kwenye chemba jua linapowaka. Teke lake begani linavumilika, kwa hiyo mpigaji hafumbi macho anapovuta kifyatulio. Kwa mtu aliyesimama mbele ya nyati, hayo ndiyo mambo ya kujali.

Kwa nini basi haikuvuma? Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375. Kisha Wajerumani wakashindwa Vita vya Kwanza vya Dunia wakapoteza makoloni yao, na katika nchi kadhaa za Afrika sheria ikaifanya .375 kuwa kima cha chini kwa wanyama wakubwa. Kati ya risasi hizo mbili, tofauti ya upana ni sehemu mbili za kumi za milimita, unene wa karatasi mbili. Kilichoiangusha 9.3 ni vita na sheria. Porini haikuwa na kasoro ya kutajika.

Kokote risasi za kiwandani zilikokuwa haba, waliobaki na bunduki hiyo walijifunza kujaza risasi kwa mikono yao, na hadi leo wapo wanaofanya hivyo Ulaya, Afrika Kusini na Marekani. Mtu huokota ganda lililokwisha kupigwa, akalirudisha kwenye umbo lake, akatia fataki mpya kitakoni, akapima baruti kwenye mizani ndogo, kisha akakikaza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Kiwanda hutengeneza risasi ya kuingia katika kila bunduki. Anayejaza mwenyewe anaitengenezea bunduki moja anayoijua. Anapiga risasi chache kwenye shabaha, anatazama matundu yamekaribiana kiasi gani, kisha analikagua ganda. Fataki ikiwa imebonyea na kusawazika kupita kiasi, ni dalili kwamba mgandamizo umezidi, na baruti lazima ipunguzwe. Swala anamwekea kichwa laini kinachotanuka ndani ya mwili. Nyati anamwekea kigumu kisichobadilika umbo. Hiyo ni kazi ya subira na nidhamu, na asiyekuwa nayo anaweza kupoteza jicho.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu, ndogo kuliko hata hiyo 9.3. Alikuwa amepasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na tangu hapo akalenga akijua anacholenga. Simsifu kwa mauaji yale, kwa kuwa pembe ndizo zilizompeleka. Namtaja kwa sababu anamaliza ubishi wa barazani: uwezo wa silaha unatokana na mkono ulioiandaa na jicho linalolenga.

Haya sisi wa Kilifi tulipaswa kuyajua kabla ya Bock na Bell, maana tunaishi na watu walioyajua zamani.

Ukitoka mjini Kilifi ukaelekea bara, ukazipita Ganze na Bamba hadi upande wa mto Galana, Chakama na Langobaya, unafika kwa Waata. Vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu, majirani wengi huwaita Wasanye, na lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Ndovu walimwangusha kwa upinde. Maafisa wa wanyamapori waliozipima pinde zao miaka ya 1950 walikuta nyingi zikidai nguvu ya zaidi ya ratili 100, takriban kilo 45, kuvutwa hadi mwisho. Pinde ndefu za Waingereza zilizoshinda vita vya Agincourt mwaka 1415 zimo katika daraja hilohilo. Ila Mwaata hakuwa na jeshi nyuma yake. Alinyemelea hadi akawa hatua chache kutoka kwa ndovu, akiujua upepo unatoka wapi, akapiga mara moja.

Mshale wake una vipande viwili. Nyuma kuna uti mrefu wenye manyoya ya tumbusi. Mbele kuna kipande kifupi chenye kigumba cha chuma, na hapo ndipo panapopakwa sumu. Ukishamwingia mnyama, uti huanguka na kipande cha mbele kikabaki ndani. Msasi huuokota uti, akautia kipande kingine, akautumia tena, sawa na anayeokota ganda la 9.3 ili alijaze upya. Na kama baruti, sumu nayo huharibika ikitunzwa vibaya: jua na hewa huipunguza nguvu. Kwa hiyo kigumba kilifungwa kwa utepe wa ngozi nyembamba, ukafunguliwa dakika ya mwisho tu.

Sumu hiyo hupikwa kutokana na mti ambao Wagiriama huuita mutsungu, ambao wataalamu wa mimea wameuweka katika jamii ya Acokanthera. Huchemshwa kwa saa nyingi hadi kubaki kitu cheusi kizito kama lami. Wapishi wengi walikuwa Wagiriama, nao Waata wakawa wanunuzi wao, na mnunuzi hakukubali kuuziwa sumu bila kuijaribu. Njia mojawapo ya kuijaribu ilikuwa kujikata kidogo mkononi, kuiacha damu ichuruzike, kisha kuigusisha sumu chini kabisa ya mchirizi. Damu ilianza kugeuka nyeusi ikipanda juu, na kwa mwendo wa weusi huo mnunuzi aliijua nguvu ya sumu, akaifuta damu kabla weusi haujafika kwenye kidonda. Upimaji huo ulitaka mkono usiotetemeka.

Mzee mmoja nyuma ya Langobaya aliwahi kunionyesha kigumba kikuukuu kisicho na sumu. Kwenye shingo ya chuma palikuwa na mikato mitatu midogo, iliyokatwa kwa ustadi. “Hiyo ni alama ya baba, mwanangu,” akaniambia. “Ndovu huweza kwenda mbali akafie huko. Watakaomkuta wataangalia chuma, watajua ni wa nani.” Kwa hiyo silaha ileile ilikuwa pia hati ya umiliki, na iliwaepushia watu ugomvi wa nyama na pembe.

Wageni waliiona thamani ya elimu hii mapema. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitoa kwenye miti ya jamii hii kemikali ya ouabaini, ambayo huvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alitangaza ugunduzi wa pampu inayosawazisha chumvi ndani na nje ya seli za mwili, na ouabaini ikasaidia kuthibitisha jinsi inavyofanya kazi. Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Kilichojulikana kwa vizazi kwenye vyungu vya bara ya Kilifi kiliwafaa wanasayansi wa Ulaya, na sisi wenyewe bado hatujakiandika ipasavyo.

Waata walilipwa jela. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na kuanzia mwaka 1956 operesheni ya maafisa wa mbuga hiyo, David Sheldrick na Bill Woodley, iliwakamata wasasi wao wengi. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi wa Galana, ulionuia kuwapa Waata nafasi halali katika uvunaji wa wanyama, lakini haukudumu. Kisha katika miaka ya 1970 na 1980 zikaja bunduki za rashasha zisizohitaji kujua upepo wala kusoma nyayo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ndovu wa Tsavo walikuwa wamebaki elfu chache. Silaha iliyowamaliza ndovu ilikuwa ile inayomtaka mshikaji wake ujuzi mdogo kuliko zote.

Naiunga mkono marufuku ya uwindaji bila kusita. Ndovu waliobaki ni amana yetu, na mtegaji wa nyaya katika msitu wa Arabuko-Sokoke hana utetezi kwangu. Wala sitaki sumu ya mutsungu ifundishwe ovyo. Lakini kukataza kitendo hakukulazimu kuzika elimu. Wajerumani hawatawali tena Tanganyika, na bado kila kipimo cha risasi ya Bock kimeandikwa na kinasomwa. Waliozivuta zile pinde za kilo 45 wanazeeka, na kila mzee anayezikwa anaondoka na hesabu ya upepo, nyayo, mbao, chuma na moyo wa ndovu.

Kwa hiyo nawaomba Makumbusho ya Taifa, Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi na serikali ya kaunti wakae na wazee wa Kiwaata na wapishi wa Kigiriama mwaka huu huu, kwa ridhaa yao na kwa malipo ya haki. Warekodi uchongaji wa upinde, uhunzi wa kigumba, alama za koo na ufuatiliaji wa nyayo, na wenyewe ndio waamue kipi kionyeshwe na kipi kifichwe. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna podo limetundikwa darini au kigumba kimetupwa ghalani, usimuuzie mtalii ufukweni. Muulize babu alama ile ni ya nani, uandike jibu lake pamoja na tarehe.