Anayesoma sanaa achague ufundi, jina la shahada lifuate

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mwenye tahasusi ya sayansi kama PCB huulizwa anakwenda chuo gani. Mwenye tahasusi ya sanaa kama HGL au HKL huulizwa jingine: "Sasa na hiyo utafanya kazi gani?" Na kwa kuwa wengi wao wakati huo wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mara nyingi anayewajazia vyuo ni kaka au shangazi aliyeketi stesheneri, foleni ikimsukuma nyuma, akitafuta katika orodha shahada yenye jina linalosikika vizuri.

Swali la ajira ni halali, na mzazi aliyeuza shamba kulipa ada ana kila haki ya kuliuliza. Tatizo ni kwamba jina la shahada haliwezi kulijibu. Linalolijibu ni ufundi ambao mwanafunzi atatoka nao baada ya miaka mitatu: kuhoji watu, kuchambua takwimu, kusoma nyaraka, kufasiri, kuchora ramani, kuandika ripoti inayoeleweka. Kozi ya sayansi za jamii yenye ufundi huo inafaa kuchaguliwa hata kama jina lake halimvutii mjomba. Isiyokuwa nao iachwe, hata ikiwa na jina refu la kupendeza.

Hofu ya familia ina msingi. Kwa miaka mingi miongozo ya mikopo ya elimu ya juu imetanguliza afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Walimu wa Historia, Jiografia na Kiswahili wamehitimu kwa maelfu huku nafasi za serikali zikitangulia kwa wenzao wa Fizikia na Hisabati, na wapo waliokaa miaka wakifundisha tuisheni mtaani wakisubiri tovuti ya ajira za serikali, Ajira Portal, ifunguke. Kumwambia kijana afuate moyo wake na kuishia hapo ni kumtelekeza.

Lakini Tanzania haiwezi kuendeshwa bila watu wa fani hizo. Ushahidi mmoja uligonga hodi katika kila nyumba.

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilipata watu 61,741,120. Karani alipofika na kishikwambi chake, aliuliza nani walilala katika kaya usiku wa kuamkia siku hiyo. Swali linaonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulitunga. Kaya ni nini? Ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mume mwenye wake wawili katika nyumba mbili atahesabiwa wapi? Kwa mke aliyelala kwake usiku huo. Mlinzi aliyekuwa lindoni je, na msafiri aliyekuwa ndani ya basi? Kila jibu lilipaswa kupatikana kabla karani hajatoka ofisini, kwa sababu kosa dogo katika swali, likirudiwa mamilioni ya mara, huzaa idadi isiyo ya kweli ya watoto wanaohitaji madarasa. Programu ya kishikwambi ni kazi ya wataalamu wa kompyuta. Kujua kaya ni nini ni kazi ya sosholojia na demografia, na kugawa nchi katika maeneo ya kuhesabia ni kazi ya jiografia.

Ebola ilitoa ushahidi mwingine, mchungu zaidi. Ugonjwa huo ulipotapakaa Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, timu za afya zilichukua maiti na kuzizika haraka bila ndugu kuaga. Kitabibu zilikuwa sahihi, kwani maiti ya Ebola huambukiza. Watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Wanaanthropolojia walikuwa miongoni mwa waliokaa na familia na kuuliza ni kipi katika mazishi hakiwezi kuachwa na kipi kinaweza kubadilishwa. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu mpya wa mazishi salama na yenye heshima: familia ishirikishwe, viongozi wa dini wawepo, maiti ya Mwislamu ifanyiwe tayamamu badala ya kuoshwa kwa maji. Watu zaidi ya 11,000 walikufa katika mlipuko ule. Katika kuudhibiti, aliyejua kusikiliza wafiwa alihitajika sawa na aliyejua kutundika dripu.

Nyumbani, soko la lugha limefunguka kwa namna ambayo wazazi wengi hawajaiona. Februari 2021 Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna lundo la sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza tangu enzi za mkoloni, na kila kifungu kinahitaji mtu anayeijua lugha na kuielewa sheria, maana neno moja likikaa vibaya linaweza kumpotezea mtu kiwanja. Kuanzia 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Mhitimu wa Kiswahili aliyejifunza uhakiki wa mashairi tu hatanufaika na haya. Aliyesoma tafsiri na ukalimani, akaongeza Kifaransa au Kireno na masomo mawili ya sheria, anayo kazi ya kuomba.

Historia nayo ni hivyohivyo. Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zimehifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mengi yana hati za mkono za Kijerumani cha zamani, ambazo hata Mjerumani wa leo hazisomi bila mafunzo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba msamaha kwa ukatili wa vita vya Maji Maji, na familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, bado inatafuta fuvu la babu yao. Majibu ya maswali kama hayo yamo katika karatasi zilizoko Dar es Salaam na Ujerumani. Mwanafunzi wa historia anayejifunza Kijerumani, au Kiarabu kwa ajili ya nyaraka za Zanzibar, anajipatia ujuzi ambao wachache sana Afrika Mashariki wanao.

Kwa hiyo kabla ya kujaza, kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kisiwe mwisho wa kusoma. Mwongozo huo unaeleza sifa za kujiunga, muda wa masomo na nafasi zilizopo. Kinachotakiwa ni prospektasi ya chuo chenyewe, yenye orodha ya masomo ya kila muhula. Mwombaji ahesabu masomo ya mbinu za utafiti na takwimu: likiwa moja tu, tena la mwaka wa tatu, ajue tasnifu yake ataiandika kwa kubahatisha. Aangalie kama anaruhusiwa kuchukua masomo ya hiari kutoka idara nyingine, kama mwanafunzi wa siasa anaweza kusoma uchumi, au wa jiografia akasoma mifumo ya ramani za kompyuta. Aulize mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, na wanafunzi hupelekwa wapi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeketi kwenye vimbweta vya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atamjibu kwa simu ndani ya dakika kumi yale ambayo tangazo la chuo haliyasemi.

Mzigo huu usiachwe kwa kijana peke yake. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65, zikiwamo zenye muziki, fasihi na lugha za kigeni. Wigo umepanuka, ila shule nyingi hazina mtu wa kumwelekeza mwanafunzi aelewe kila tahasusi inampeleka kozi zipi. Wakati huohuo vyuo vinaendelea kupokea mamia katika kumbi za sanaa kwa sababu kozi hizo hazidai maabara, kisha vinawaacha wahitimu wajitetee wenyewe.

TCU ina uwezo wa kuanza kurekebisha hili katika dirisha lijalo la udahili. Pembeni mwa idadi ya nafasi na sifa za kujiunga, mwongozo uonyeshe kila kozi ina masomo mangapi ya utafiti na takwimu, wiki ngapi za mafunzo kwa vitendo, na wahitimu wake wa miaka mitatu iliyopita wako wapi. Chuo kisichojua wahitimu wake walikokwenda kilazimishwe kuwatafuta kabla ya kupewa ruhusa ya kudahili wengine katika kozi hiyohiyo.